Nakala Adimu, Imebaki Moja

Fundi wa mapazia aliitwa Bi Pindo, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na wateja, kwa sababu pazia aliloshona yeye halikupepea ovyo wala kujikunja pembeni kama sikio la mbwa. Liliteremka moja kwa moja hadi chini, likatulia. Watu walisema ana mkono. Mkono alikuwa nao kweli, lakini siri ilikuwa ndani ya pindo: kila baada ya shibiri moja alitia sarafu ya zamani, ile ndogo yenye tundu katikati, iliyoacha kupokelewa madukani tangu yeye akiwa msichana. Uzi ulipita tunduni, sarafu ikakaa palepale, na kitambaa kikapata uzito wa kukitia adabu. Ufundi huo aliurithi kwa mama yake pamoja na kopo zima la sarafu hizo. Mafundi wengine walitia vipande vya chuma. Mama yake alikuwa akisema chuma ni cha wavivu, na hakuwahi kueleza kwa nini.

Alifanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake, dirisha likitazama barabara. Palikuwa na meza ya kukatia, mabunda ya vitambaa yaliyosimamishwa ukutani, na cherehani ya kukanyaga iliyopiga kelele kuliko wateja. Siku hizi goti lake la kulia lilikuwa limeanza kumgomea. Katika duka la vifaa, mtaa wa pili, ilikaa cherehani ya umeme, nyeupe pee, na kila alipopita alijitia haioni, kama mtu anayekutana na mchumba wake wa zamani akiwa na mkewe. Akifika nyumbani, alikanyaga ile ya kwake kwa hasira.

Sasa, mdogo wake aliolewa na kinyozi. Kinyozi huyu, shemeji yake Bi Pindo, alikuwa na simu ambayo hata anaponyoa kichwa cha mtu ilikuwa imeegemezwa kwenye kioo. Habari za dunia zilimfikia yeye kabla ya wahusika. Alasiri moja aliingia mbio, taulo la kunyolea likiwa bado begani.

"Shemeji, kaa kwanza."

"Si nimekaa? Huoni?"

"Basi shikilia meza."

Akamsogezea simu usoni. Ilikuwa picha ya sarafu yenye tundu, katika moja ya yale masoko ya mtandaoni ambako watu huuza kuanzia sufuria hadi viwanja. Chini ya picha iliandikwa kwa herufi kubwa: NAKALA ADIMU. IMEBAKI MOJA. WAHI. Chini zaidi kulikuwa na bei, na bei hiyo ingenunua cherehani nyeupe, ikalipa mtu wa kuibeba, na chenji ikabaki.

"Hii si ile ya kwangu? Ninayoshonea?"

"Ndiyo yenyewe! Miaka yote umewashonea watu utajiri madirishani, halafu ukawadai pesa ya ufundi tu."

Bi Pindo alivaa miwani, akasoma tena. "Nakala hapa maana yake nini?"

"Kama vitabu, shemeji. Kitabu kina nakala mia, nakala elfu. Hii dunia nzima imebaki nakala moja. Ndiyo maana ni adimu."

Hilo lilimwingia. Alikumbuka shuleni mwalimu akisema nakala za kitabu hazitoshi, kaeni wawili wawili. Sarafu nazo kumbe ni hivyohivyo. Alichokosa kuelewa ni vipi imebaki moja wakati yeye peke yake ana za kujaza kiganja, lakini swali hilo alilimeza. Cherehani nyeupe ilikuwa imeshamkalia kichwani.

Kopo lilikuwa limebaki na sarafu chache. Nyingine zote zilikuwa zinaning'inia mtaani kote. Kuanzia siku ile Bi Pindo hakuweza kutembea kama binadamu wa kawaida. Alipita akikodolea madirisha ya watu macho, mpaka mama mmoja akafunga lake kwa kishindo. Wateja wengi walikuwa wamehama, wengine wameshabadilisha mapazia. Aliyebaki karibu, mwenye dirisha pana kuliko yote, alikuwa Mkunga.

Mkunga alikuwa rafiki yake, nyumba ya tatu kutoka kwake. Alishastaafu, lakini jina lake la kazi lilikuwa limemganda. Watoto wote wa Bi Pindo walipokelewa na mikono yake, na katika uzazi wa mwisho, damu ilipokataa kukatika, mikono hiyohiyo ndiyo iliyomrudisha mama mtu duniani. Bi Pindo alimwita dada, ingawa hawakuzaliwa pamoja, na hakuwa na mwingine wa kumwita hivyo kwa moyo wote. Mapazia ya sebuleni kwa Mkunga, ya rangi ya maziwa, alimshonea alipostaafu. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya.

Akapiga moyo konde, akaenda.

"Dada, mapindo yamelegea. Nayaona hata nikiwa barabarani. Nipe nikayakaze, sitaki hela."

Mkunga aliyatazama mapazia. Hayakuwa yamelegea hata kidogo, na yeyote mwenye macho angeona. "Wewe ndiye fundi," akasema, akapanda kwenye kigoda kuyashusha, kisha akayakunja vizuri na kumsindikiza hadi mlangoni. Hakuuliza lolote. Bi Pindo alitembea nayo kifuani, kijasho chembamba kikimtoka, akitamani laiti angeulizwa angalau swali moja.

Alifumua, akazitoa sarafu zote, akazichanganya na zile za kwenye kopo, akazisafisha kwa limau hadi zikawa safi sawasawa. Kwenye mapindo akatia washa, vile vibati vya duara ambavyo mafundi huweka chini ya nati, alivyonunua dukani kwa bei ya karanga. Uzito ulikuwa uleule. Mapazia yaliporudi dirishani yaliteremka moja kwa moja kama kawaida, na Mkunga akamwandalia chai. Chai ile ilimshinda kumeza.

Tangazo aliliandika shemeji. Kwa kuwa hakutaka kukosea, alinakili lile la kwanza neno kwa neno, NAKALA ADIMU na yote, akaibadilisha namba ya simu tu. Kisha wakasubiri mamilioni.

Mamilioni hayakuja, yalikuja maswali. Mmoja aliuliza bei ya mwisho. Alipotajiwa, akauliza bei ya mwisho kabisa. Mwingine alitaka kujua kama ikisuguliwa inaleta bahati. Wa tatu alituma picha ya sarafu zake mwenyewe, zilezile, akataka Bi Pindo ndiye azinunue. Bi Pindo alikaa na simu mapajani, akili haimkai. Mbona kila mtu anauza na hakuna anayenunua?

Hatimaye akatokea mnunuzi mwenye miguu, akaingia hadi ndani. Alikuwa fundi wa mavazi ya maigizo, mtu mwembamba aliyejaa pini kwenye kola. Alikuwa anatengeneza mkanda wa mfalme kwa ajili ya mchezo wa jukwaani. Akazimwaga sarafu kiganjani, akazipima, akatikisa kichwa kwa kustaajabu.

"Mama, hizi nakala unatengenezea wapi? Zimekaa kama za kweli! Za wenzako zinang'aa kama sufuria mpya."

"Zimekaa kama za kweli kwa sababu ni za kweli."

Yule bwana akacheka hadi pini zikacheza. "Mbona tangazo lako mwenyewe linasema nakala?"

"Ndiyo, nakala. Kama nakala ya kitabu."

"Nakala kama ya cheti, mama! Ungekuwa na cheti chenyewe mkononi, ungesema una nakala?"

Bi Pindo akalirudia neno hilo mdomoni. Kitabu ukisema nakala, ni kitabu chenyewe. Cheti ukisema nakala, si chenyewe. Maisha yake yote alitumia neno hilo kwa yote mawili na halijawahi kumsumbua, na leo lilikuwa limesimama katikati ya chumba chake likimtazama. Alimuuzia yule bwana sarafu sita kwa bei ya vifungo, ilimradi aondoke.

Kesho yake alikwenda kwenye duka la vitu vya kale, nyuma ya stendi. Mwenye duka alikuwa mzee mnene, amekaa katikati ya saa zisizotembea. Aliitazama sarafu kwa kioo chake, akaitupia mezani.

"Ya kweli."

Moyo wa Bi Pindo ukaruka. "Basi ni bei gani?"

"Bei ya nini? Ninazo debe zima. Mguu wa ile meza umesimama juu ya nne."

"Lakini mtandaoni..."

"Mtandaoni mtu anaandika bei anayotaka. Mimi naweza kuandika kiti hiki ni bei ya nyumba, nani atanishika mkono? Kuandika ni kuandika, kulipwa ni kwingine. Na hilo tangazo nalijua. Imebaki moja tangu mwaka juzi."

"Na hiyo nakala?"

"Hapo ndipo ujanja ulipo. Wanachonga mpya, wanaichovya kwenye chai ya rangi izeeke. Asiyejua atasoma ulivyosoma wewe, atatoa pesa zake. Akija juu, muuzaji anamwonyesha neno: si nilikwambia nakala? Zimezagaa hadi hata mtu akileta ya kweli, nampa bei ya ile ya uongo. Sina muda wa kubishana."

"Sasa kama ya uongo inatangazwa ghali, na ya kweli hainunuliki..." Bi Pindo alianza, akapotea katikati ya sentensi yake mwenyewe. Mzee alimsubiri kwa adabu. Sentensi haikurudi. Alichukua sarafu yake, akaenda nyumbani kwa kupitia njia ambayo si ya nyumbani.

Hapo angeweza kuachana na yote, akaendelea na goti lake. Lakini Mkunga alifua mapazia.

Alipiga simu asubuhi. "Mdogo wangu, njoo. Pazia lako linatoka damu."

Bi Pindo alifika akihema. Mapazia yalikuwa kwenye kamba, na kando ya mapindo, duara baada ya duara, kutu ilikuwa imechora madoa mekundu hadi nje ya kitambaa. Rangi ya maziwa ilikuwa imeharibika kabisa. Alisimama pale, na sauti ya mama yake ikamjia wazi kama yuko nyuma ya ua: chuma ni cha wavivu. Sarafu haishiki kutu. Ndiyo maana yake, na ilimchukua miaka hii yote na mapazia ya mtu kuielewa.

Angeweza kulaumu sabuni. Sabuni ilimpitia kichwani kweli, sitaficha. Lakini alimtazama Mkunga usoni, akakaa juu ya beseni lililopinduliwa na kusema yote: simu ya shemeji, cherehani, washa, limau, mkanda wa mfalme. Alilia katikati, akaendelea kusema huku akilia.

Mkunga hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

"Na ya kwangu?"

"Ya kwako ipi, dada?"

"Siku unashona hapa kwangu, ulipungukiwa moja, na kopo uliliacha kwako. Nikaingia chumbani nikakuletea ya kwangu. Nikakwambia itie humo, mikononi mwangu itapotea. Umesahau?"

Alikuwa amesahau. Sasa ilimrudia: Mkunga akitoka chumbani na ngumi imefungwa, na yeye, fundi mwenye haraka, akiipokea na kuitunga uzi bila hata kuitazama.

"Mama yangu alinipa siku ya kwanza ya shule," Mkunga akasema. "Ninunue chochote nitakachotaka. Sikununua kitu, nilirudi nayo nimeishika hivihivi. Wiki ile ile alilazwa, hakutoka tena. Sina kingine kilichowahi kushikwa na mkono wake."

"Ilikuwaje? Ya mwaka gani? Ina alama?"

"Ina tundu."

"Zote zina tundu, dada."

"Najua kuwa zote zina tundu!" Sasa sauti ilipanda, ikakatika. "Ningejuaje ilivyo? Ilipokuwa ndani ya pindo sikuwa na haja ya kuijua. Nilijua ipo, basi. Asubuhi nilikuwa nikivuta pazia nasikia uzito wake."

Kamba ya nguo ikawa inalia.

"Nitazirudisha zote," Bi Pindo akasema. "Za kwako, za kopo, zote. Hata zile sita. Itakuwa mojawapo."

Mkunga alianua pazia moja na kulikunja, madoa yakiwa kwa ndani. "Rudisha. Ila usinidanganye tena. Hata kwa kunihurumia, usinidanganye."

Fundi wa mavazi alikuwa ukumbini, mkanda wa mfalme umeshakamilika, unang'aa na kufifia kwa zamu, maana alichanganya sarafu za watu mbalimbali. Bi Pindo alimweleza kuwa zile sita ni za kweli na kuna ya marehemu ndani yake. Akacheka tena, ila safari hii kidogo. Pesa hakutaka. Alichotaka ni mapindo ya mavazi ya askari wote wa mfalme, nao walikuwa jeshi kweli. Bi Pindo aliyashona yote kwa ile cherehani ya kukanyaga, goti likimuuma hadi kwenye nyonga, bila kulalamika hata mara moja. Alipomaliza, bwana yule akafumua mkanda, akachota zile zilizofifia, akamwagia kwenye mfuko. "Hizo hapo, mimi zote naziona sawa."

Nyumbani akazihesabu. Zilikuwa saba.

Akazihesabu tena, zikawa saba tena. Akazisogeza dirishani. Sita zilikuwa nzito, zimelika kwa vidole vya watu wasiojulikana, hizo hazikumtatiza. Ya saba ilikuwa nyepesi, tundu lake limeenda upande kidogo, na ndani ya michoro rangi ya chai ilikuwa bado imeganda. Mfalme alimzidishia moja. Bi Pindo aliitia kwenye kisanduku cha pini, akasema atajua baadaye pa kuipeleka.

Alinunua kitambaa kipya cha rangi ya maziwa kwa pesa yake mwenyewe. Mapazia aliyashonea hukohuko kwa Mkunga, juu ya mkeka, mbele ya macho yake, sarafu zikikaribiana hadi kila baada ya vidole vinne. Mkunga alikuwa anamkabidhi moja moja. Hawakuongea sana, lakini chai ilikuwepo, na safari hii ilimezeka.

Katika pembe ya mwisho, sarafu ziliisha. Akalining'iniza pazia, na pembe hiyo ikainuka. Ilikuwa inadai uzito mmoja tu. Mkunga alikuwa ameenda jikoni kuongeza maji. Bi Pindo alitazama pembe, akatazama kisanduku cha pini. Uzito ni uzito. Tena ya saba alishailaza kwenye maji ya chumvi usiku kucha, haikushika kutu. Akaipitisha uzi na kuifungia ndani ya pindo, pembe ikashuka na kutulia. Hakuwaza chochote zaidi ya pembe, na hilo anaweza kuapa.

Mkunga alirudi, akafuta mikono, akapiga magoti mbele ya dirisha. Akaanza kupapasa pindo kuanzia kushoto, sarafu moja baada ya nyingine, macho amefumba, kama alivyokuwa akipapasa matumbo ya wajawazito.

"Si hii," akanong'ona. "Hii nayo siyo. Wala hii."

Bi Pindo alishika sindano hewani. Vidole vilisafiri polepole, vikapita katikati, vikafika upande wa kulia, vikafika pembeni. Vikasimama.

"Hii hapa."

"Una hakika, dada?"

"Mdogo wangu, nimsahau mama yangu?" Mkunga aliifinya sarafu ile ndani ya kitambaa kwa vidole viwili, na machozi yakamtiririka bila kufungua macho. "Nyepesi hivi. Nilikuwa mtoto, nikashangaa kitu chepesi hivi kinanunua vitu. Ndiyo yenyewe, au sivyo? Wewe umeishona, niambie."

Bi Pindo alijua kila sarafu ilipokaa kwenye pindo lile. Alijua pia kuwa ameombwa jambo moja tu na mtu huyu: asimdanganye. Ya mama yake Mkunga ilikuwemo mle, mahali fulani, kati ya zile nzito. Hilo halikuwa uongo. Na mkono ule uliomrudisha duniani ulikuwa umeshikilia chai na bati, na haujawahi kuonekana umetulia hivyo.

"Imo humo, dada," akasema.

Akakata uzi kwa meno, akakusanya pini zake. Alirudi nyumbani akichechemea kwa kuzungukia mtaa wa pili, akapita mbele ya duka la cherehani bila kukumbuka kulitazama. Njia nzima alikuwa akijiuliza, asipate jibu, kama alichomwambia Mkunga ni ukweli au nakala yake.